Kupumzika kwenye mji wa msimu: mwongozo kwa wanaofanya kazi Arusha na Moshi

Mwezi wa sita ukiingia, Arusha inabadilika. Magari ya safari yanapanga foleni kwenye vituo vya mafuta tangu alfajiri, ofisi za utalii zinawaka taa hadi usiku, na ukimuuliza mtu wa Njiro au Sakina habari za siku nyingi anakujibu "kazi tu". Mambo yanakwenda hivyo hadi mwezi wa kumi, yanapoa kidogo, yanachangamka tena Desemba, kisha masika ya Aprili na Mei yanaleta ukimya. Anayeishi kwenye mji wa namna hii akisema atapumzika kazi zikiisha, hapumziki kamwe. Kazi zinapoisha na pesa zimeisha, na kukaa nyumbani huku unawaza kodi na ada hakuna aliyewahi kukuita mapumziko.

Ninachoshauri ni kitu kimoja: mapumziko yaingie kwenye kalenda kabla ya kazi, yawe na tarehe na saa yake, na kazi ijipange kuyazunguka. Nimewafikiria kwanza watu wa utalii na hoteli, kwa kuwa ndio wengi huku kwetu, lakini muuguzi wa Moshi, mfanyakazi wa shamba la maua Usa River na mwenye duka kwenye soko la Kilombero hapa Arusha nao watapata cha kuchukua.

Hatua ya kwanza: andika wiki yako ilivyo

Chukua daftari, siyo simu. Kwa wiki moja andika saa uliyoamka, saa uliyoanza kazi, saa uliyomaliza kweli, na saa uliyolala. Kumaliza kweli maana yake ni pale ulipojibu ujumbe wa mwisho wa kazi, hata kama ulikuwa kitandani. Weka pia muda wa kifodi (daladala) kwenda na kurudi, vikao vya jioni, na kazi za nyumbani. Usijirekebishe ili wiki ionekane nzuri.

Mwisho wa wiki jumlisha saa za kazi peke yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa mwaka 2021 utafiti wa pamoja ulioonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa takribani asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17. Kwa hiyo hesabu yako ikifika 60 au 70 wiki baada ya wiki, usijisifu kwa uchapakazi. Mwili unalipia.

Hatua ya pili: jua sheria inakupa nini

Hapa ndipo watu wengi wanaonewa kwa kutojua, na waajiri wengi nao wanakosea kwa kutojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukijumlisha zote, siku moja haitakiwi kupita saa 12.

Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima. Kati ya kumaliza leo na kuanza kesho ziwepo saa 12, na kila wiki upate angalau saa 24 zinazofuatana ambazo ni zako. Kuna nafasi ya kupunguza au kupanga upya mapumziko hayo katika hali fulani, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Maneno ya mdomoni asubuhi, "leo tusaidiane", siyo makubaliano ya maandishi. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inahesabika ya usiku na ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Ukifanya kazi sikukuu ya taifa, saa hizo zinalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kumbuka Saba Saba na Nane Nane zote zinaangukia katikati ya msimu wa wageni, na ni mara chache sana utaona hesabu hiyo kwenye karatasi ya mshahara.

Mameneja wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawabanwi na vipengele hivi vya saa. Kwao kinachobaki ni mkataba na busara.

Usiende kwa bosi na sheria mkononi siku ya kwanza. Nenda na ombi dogo linalotekelezeka. Mfano wa dereva aliyerudi jioni na amepangiwa kuondoka alfajiri: "Shikamoo bosi. Nimerudi na wageni wa siku nane, gari liko salama. Naona kesho nimepangiwa kutoka saa kumi na moja alfajiri. Naomba mwenzangu awapokee uwanja wa ndege wa KIA, mimi niwachukue hotelini saa nne, nipate usingizi kabla ya barabara ya Karatu." Ombi kama hilo ni gumu kulikataa, kwa kuwa umeleta tatizo pamoja na suluhisho lake. Likikataliwa mara kwa mara, andika tarehe na saa kwenye daftari lako, kisha ongea na tawi la chama chenu: CHODAWU kwa watu wa hoteli, hifadhi na majumbani, TPAWU kwa mashamba. Ofisi ya kazi ya mkoa ipo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia kuliko maelezo marefu.

Hatua ya tatu: funga ofisi iliyoko mfukoni

Kwa wanaouza safari, adui wa usingizi ni tofauti ya saa. Mgeni wa New York akifungua ofisi yake saa tatu asubuhi, Arusha ni saa kumi au kumi na moja jioni kutegemea majira yao. Wa California akifanya hivyo, kwetu tayari ni saa moja au mbili usiku. Ndiyo maana dada wa mauzo anajibu maswali ya bei huku anakoroga ugali, na saa tano usiku bado anabadilisha ratiba ya Serengeti kwa mtu ambaye hata hajalipa amana.

Kampuni yenye wafanyakazi watatu au zaidi wa mauzo inaweza kulimaliza hili kwa zamu. Mmoja aanze saa sita mchana na kumaliza saa tatu usiku, akiwa na saa moja ya kula katikati. Huyo anawajibu Wamarekani wakiwa macho, wenzake wanakwenda nyumbani saa kumi na moja na simu zimenyamaza. Kesho yake haingii kabla ya saa tatu asubuhi, na ile saa moja ya baada ya saa mbili usiku anaandikiwa nyongeza yake. Mbadilishane kila wiki. Nawasihi wenye kampuni walijaribu hili kabla ya kusema haliwezekani. Mgeni akijibiwa vizuri na mtu aliyelala, anasahau kwamba alisubiri saa mbili.

Kama uko peke yako, fanya hivi. Nunua laini ya pili iwe ya kazi. Weka WhatsApp ya biashara kwenye laini hiyo, ingia kwenye mipangilio ya biashara, washa ujumbe wa kutokuwepo na uchague utumwe nje ya saa za kazi tu. Maneno yawe mafupi, kwa lugha ya mgeni: asante kwa kutuandikia, sasa hivi ni usiku Arusha, tutakujibu kesho asubuhi, kama uko safarini na sisi na una dharura, piga namba fulani. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mgeni aliyeko Tarangire akiumwa lazima apate mtu usiku, na mtu huyo awe wa zamu, ajulikane, siyo kila mfanyakazi akae macho kwa tahadhari.

Kisha simu ya kazi ilale sebuleni. Kama unaitumia kukuamsha, nunua saa ya mezani.

Hatua ya nne: barabarani na mlimani

Kwa dereva na mpanda mlima uchovu unaweza kuua, kwa hiyo hapa sitapunguza maneno.

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha karibu sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hesabu mwenyewe: umeamka saa kumi alfajiri Seronera, umezunguka na wageni, umetoka hifadhini, na saa tatu usiku ndiyo unaingia Arusha. Hizo ni saa 17 kamili, na mwisho wake uko kwenye barabara yenye malori, ng'ombe na bodaboda zisizo na taa. Dalili za kutazama: unapiga miayo bila kukoma, gari linagusa ukingo wa lami, hukumbuki kilomita chache zilizopita, umepita kibao ulichokuwa unakingojea. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havisaidii. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, mfano Mto wa Mbu au Makuyuni, ukanywa kikombe cha kahawa, ukalala dakika 15 hadi 20 kwenye kiti. Kahawa huanza kufanya kazi karibu na wakati unapoamka. Waambie wageni kwa heshima kwamba unasimama kwa ajili ya usalama wao. Wengi wanatoka nchi ambazo dereva wa basi akipitisha saa zake anashtakiwa, watakuelewa kuliko unavyodhani.

Mlimani Kilimanjaro hali ni ngumu zaidi, na inasikitisha jinsi ilivyozoeleka. Kundi linateremka kambi ya Mweka asubuhi, linafika geti la Mweka kabla ya mchana, tipu zinagawanywa, vyeti vinatolewa, wimbo unaimbwa. Mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, anafika kwake Majengo, Moshi, jioni akiwa na matope magotini. Saa mbili usiku simu inalia: kesho kuna kundi linaanzia geti la Londorosi, wamepungukiwa watu wawili. Anakwenda, maana akikataa anahofia hataitwa tena. Nyuma yake kuna siku sita au saba za kubeba mzigo hadi kambi zilizo juu ya mita 4,600, usiku akilala kwenye baridi kali, na sasa anarudi juu kabla nguo hazijakauka.

Kwa mkuu wa msafara na kwa kampuni: pangeni orodha mbili za watu, ile iliyoteremka wiki hii isiitwe hadi siku tatu zipite. Siku tatu ni maoni yangu, siyo kanuni, ila sijaona mtu aliyepumzika chini ya hapo akapanda na nguvu zake kamili. Kwa mgumu mwenyewe: siku ya kwanza lala na kula chakula kizito, mtori au kiburu, na maji mengi. Siku ya pili kagua miguu, malengelenge na kikohozi. Kikohozi chenye makohozi ya povu au pumzi inayokata ukiwa umekaa ni cha hospitali siku hiyohiyo. Na tipu isipite baa kabla haijafika nyumbani, maana ikiisha kwa siku mbili utalazimika kupanda ya tatu.

Hatua ya tano: irudishe Jumapili

Mtu wa Arusha au Moshi anaweza kuwa ofu Jumapili nzima na asipumzike hata saa moja. Ibada ya kwanza, kisha jumuiya, kisha kikao cha harusi ya mtoto wa jirani kilichotangazwa kuanza saa nane na kikaanza saa kumi, kisha kumtazama mgonjwa, kisha kipaimara Kibosho ambako huwezi kutokea mikono mitupu. Jioni unarudi umechoka kuliko Ijumaa, na mfuko umelegea.

Sisemi tuache kuwa watu wa watu. Msiba hauna ratiba, unaufuata ulipo, na anayeuhesabu kama usumbufu atakuja kujua siku yake. Sherehe nazo ndizo zinazotuunganisha. Ila kikao cha kamati siyo sherehe, na hapo ndipo pa kupunguza. Amua kwa mwaka mzima kamati ngapi utaingia, mbili au tatu, za watu wako wa karibu. Zingine toa mchango mapema, halafu andika: "Ndugu mwenyekiti, habari za Jumapili. Mchango wangu nimeutuma kwa mweka hazina. Kikaoni sitafika, nitakuwa na familia. Siku ya shughuli nipo, Mungu akipenda." Aliyetoa mchango mapema hasemwi. Anayesemwa ni yule anayekaa kila kikao akiahidi.

Kisha chagua Jumapili mbili kwa mwezi ambazo ukitoka ibadani hakuna kingine, na uwaambie watu wa nyumbani tarehe zake. Mtu wa Tengeru anaweza kuzunguka Ziwa Duluti taratibu chini ya miti, mtu wa Moshi ana msitu wa Rau kwenye kingo za mji. Kulala mchana pia ni mpango kamili, hauhitaji kisingizio.

Hatua ya sita: nyumbani nani anapumzika?

Mke na mume wote wanatoka kazini saa kumi na moja. Saa kumi na mbili baba yuko kwenye kochi na taarifa ya habari, mama amefunga kitenge anachambua mchicha, mtoto anataka kusaidiwa hesabu, na sare za kesho bado ziko kwenye beseni. Mama huyu ana kazi mbili na analipwa moja. Nimeshawasikia wanaume wenzangu wakisema wanasaidia. Msaidizi ni mtu anayengoja kuagizwa. Gawaneni: wewe sare na daftari za watoto, yeye chakula, Jumamosi mbadilishane. Iandikwe na ibandikwe jikoni kama ratiba ya kazini.

Na dada wa kazi? Katika nyumba nyingi mapumziko ya familia yamesimama juu ya msichana anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho, siku saba kwa wiki. Sheria niliyoitaja hatua ya pili inamhusu na yeye. Mpe siku yake moja kamili kila wiki, awe huru kutoka, kwenda kanisani au msikitini, kukutana na wenzake, na siku hiyo mpike wenyewe. Usimpe "nusu siku ukimaliza kufua". Huwezi kudai saa zako 24 kwa mwajiri wako halafu ukazinyima ndani ya geti lako.

Hatua ya saba: likizo iwe likizo

Sheria inakupa siku zisizopungua 28 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12, sikukuu zikiwa ndani yake. Mwajiri ndiye mwenye kauli ya lini uende, kwa hiyo muwahi: peleka barua Januari ukiomba Aprili au Mei, wakati wageni wamepungua na yeye mwenyewe anatafuta namna ya kupunguza watu ofisini. Wanaoajiriwa kwa msimu wajue hili: ukifanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ikapita miezi 6, unastahili likizo ya malipo.

Pesa ya likizo ya Aprili inatengwa Agosti. Kila mshahara au tipu ya msimu, toa fungu kabla halijazoeana na matumizi, liweke akaunti ambayo kadi yake hutembei nayo.

Wachagga wengi likizo ni Desemba, kupanda nyumbani Rombo, Marangu au Machame. Ni jambo jema. Lakini kusimamia ujenzi, kugawa nyama, kutatua kesi ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) na kusalimia nyumba ishirini ni kazi. Rudi mjini siku tatu kabla ya kuripoti, na siku hizo usimwambie mtu umerudi.

Kwa aliyejiajiri

Bodaboda mwenye chombo cha tajiri, zungumza naye hesabu ya siku sita kwa wiki, ya saba chombo kilale au ukitumie kwa ajili ya familia yako. Mwonyeshe kwamba pikipiki inayopumzika inapata muda wa kukaguliwa breki na cheni. Mama mwenye meza ya mboga Kilombero, tafuta jirani wa meza mmoja mnayeaminiana, uuze vyake Jumatatu naye auze vyako Alhamisi. Mwenye duka, funga saa ileile kila siku. Wateja wanajifunza saa zako kwa wiki chache, na anayekuja saa nne usiku kununua kiberiti hatakuwa ndiye anayekulipia kodi.

Ukipumzika na uchovu ukabaki

Umelala saa saba au nane kwa wiki mbili, umepunguza kazi, na bado unaamka umechoka. Hapo usiongeze likizo, nenda kapimwe: presha, sukari na wingi wa damu kwanza. Dereva anayekoroma sana na kusinzia mchana amwambie daktari hivyo hivyo, kwani huenda pumzi inakatika usingizini. Kama kilichobaki ni huzuni, hasira za ghafla, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, au mawazo kwamba heri usiwepo, mwambie mtu leo, kisha mwone daktari. Hospitali za Mount Meru (Arusha), Mawenzi na KCMC (Moshi) zote zinapokea wagonjwa wa nje. Nenda na lile daftari la hatua ya kwanza, umwonyeshe saa zako za kazi na za kulala.